Fundi aulizwe: Ethi ya nyumba hii ni omu ngapi?

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa huu wa barua za wasomaji ili nitoe dukuduku langu ambalo nimekaa nalo kwa miaka kadhaa sasa. Mimi ni fundi umeme. Nimetandaza nyaya majumbani hapa Dodoma kwa zaidi ya miaka 30, na sasa nimepumzika. Haya ninayotaka kuyasema yananihusu mimi kwanza kabla hayajamhusu mtu mwingine. Kwa hiyo mafundi wenzangu wasidhani kwamba nimekuja gazetini kuwasema wao na kujitakasa mwenyewe.

Mwaka 2016 nilitandaza nyaya katika nyumba ya mama mmoja mjane. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu na sebule. Kazi niliimaliza mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha na ardhi imelowa vizuri. Nilichimbia ethi rodi nyuma ya nyumba, nikaiunganisha na ule waya wa kijani na njano, kisha nikafanya jambo ambalo mafundi wengi tumekuwa tukilifanya miaka nenda miaka rudi. Nilichukua balbu ya wati 60 iliyofungwa nyaya mbili. Waya mmoja nikaugusisha kwenye moto, wa pili kwenye ethi. Balbu ikawaka. Nikamwita mwenye nyumba aje ashuhudie. Nikamwambia, "Mama, ethi ipo, lala usingizi." Akanilipa pesa yangu na akanikaribisha chai.

Mwezi Oktoba 2019, wakati wa kiangazi kikali, friji ya nyumba ile ilianza kupiga. Kila aliyeishika akiwa pekupeku alihisi mkono unatetemeka. Watu wa nyumba ile wakafanya kama wanavyofanya wengi: wakatandika zulia la plastiki mbele ya friji, wakawaambia watoto wavae kandambili kabla ya kuifungua. Wakati huo huo mama akawa analalamika kwamba umeme wa LUKU unakwisha upesi kuliko zamani, wala hajui unakwenda wapi. Mambo yakaendelea hivyo kwa muda wa wiki tatu. Hakuna aliyeniita, na breka haikukata hata mara moja.

Siku moja asubuhi binti wa miaka 16, ndugu yao aliyekuwa akiishi pale, alikuwa anadeki jikoni. Alilisogeza zulia ili apitishe dekio. Sakafu imelowa, miguu yake imelowa, akashika mlango wa friji. Alifariki kabla hajafikishwa hospitali.

Nilikwenda msibani. Wazee walisema maneno ambayo husemwa siku zote, kwamba ajali haina kinga na kazi ya Mungu haina makosa. Mama mwenye nyumba hakusema hivyo. Alinitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, si uliniambia ethi ipo?" Sikuwa na jibu.

Baada ya siku chache alikuja kijana mmoja fundi akiwa na kifaa cha kupimia ambacho mimi katika miaka yangu yote sikuwahi kukimiliki. Akanipa shikamoo, akachomeka kifaa chake kwenye soketi ya jikoni, akabonyeza, akasubiri kidogo. Kisha akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Ilikuwa omu 340. Akasema kwa heshima, "Mzee, hapa hata ingekuwa breka ya ampea 2 isingekata."

Ndugu Mhariri, nataka wasomaji waielewe namba hiyo, maana katika namba hiyo ndimo lilimo jambo lote ninalolizungumzia.

Watu wengi, na sisi mafundi tukiwemo, tunadhani kwamba ethi ni shimo ambamo umeme mbaya hutupwa ukapotelea. Si hivyo. Umeme haupotelei ardhini. Umeme uliotoka kwenye transfoma ni lazima urudi kwenye transfoma ile ile. Waya wa moto ukigusa bodi la friji, umeme huo huanza safari. Hutoka kwenye transfoma, huja kwa waya wa nguzoni, hupita kwenye mita na breka, hufika kwenye friji, huingia kwenye waya wa ethi, hushuka kwenye rodi, hupita ndani ya udongo, hupanda kwa ethi ya transfoma na kurudi ulikotoka. Huo ni mzunguko mmoja kamili. Ugumu wote ambao umeme unaupata katika safari hiyo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ndio mafundi waliosoma wanaouita impidensi ya lupu ya ethi. Hupimwa kwa omu. Namba ikiwa ndogo, njia ni pana. Namba ikiwa kubwa, njia imeziba.

Sasa kazi ya njia hiyo ni nini? Kazi yake ni kupitisha umeme mwingi mno kwa mkupuo, ili breka ishtuke na kukata papo hapo. Breka hazina macho. Haziwezi kuona kwamba friji imekuwa na moto. Zinachoweza kuhisi ni wingi wa umeme unaopita. Mtu akitazama breka za nyumbani kwake ataona herufi na namba, kama vile B20 au C20. Namba ni ampea inazobeba kwa kawaida. Breka ya herufi B hukata mara moja kwa uhakika pale umeme unapofikia mara 5 ya namba yake, na ya herufi C pale unapofikia mara 10. Kwa hiyo B20 inahitaji ampea 100, na C20 inahitaji ampea 200.

Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Gawanya 230 kwa 200 utapata omu 1 na nukta 15. Hii ina maana kwamba breka ya C20 itakata papo hapo kwa uhakika iwapo tu mzunguko mzima wa ethi hauzidi takriban omu 1. Breka niliyoifunga kwenye soketi za nyumba ile ilikuwa C20. Mzunguko ulikuwa omu 340. Gawanya 230 kwa 340 utapata ampea 0.68. Breka iliyohitaji ampea 200 ilipelekewa chini ya ampea 1. Ingekatia nini? Kwa breka ile ilikuwa kama mtu amewasha balbu mbili tatu za zamani, basi.

Na zile ampea 0.68 hazikuwa bure. Kwa volti 230 ni karibu wati 156, usiku na mchana, iwe friji inaunguruma au imenyamaza. Kwa siku moja ni uniti 3.7, kwa wiki tatu ni uniti zaidi ya 75 zilizopita ndani ya mita na kuingia udongoni. Yule mama alikuwa na haki ya kulalamika. LUKU yake ilikuwa inamwambia habari ambayo sisi wengine hatukuisikiliza.

Sasa nirudi kwenye balbu yangu, maana najua kwamba hata leo, ninapoandika barua hii, kuna mahali fundi anaishika balbu ya namna ile na mwenye nyumba anatikisa kichwa kwa kuridhika. Balbu ya wati 60 inapowaka inapitisha takriban ampea 0.26 tu. Ugumu wake wenyewe ni zaidi ya omu 880. Ukiiunganisha na ethi yenye omu 100, ambayo haiwezi kuikatisha breka yoyote ya nyumbani, balbu itapata zaidi ya volti 200 na kuwaka vizuri kabisa. Ukiiunganisha na ethi ile ya omu 340 iliyoua, bado itapata karibu volti 160 na itawaka, ingawa kwa mwanga hafifu. Na hizi balbu za LED za siku hizi zinadanganya zaidi, kwa kuwa nyingi huwaka kwa umeme kidogo mno. Kwa hiyo balbu inaweza kukuambia kwamba kuna uzi fulani unaofika ardhini. Haiwezi kukuambia kama uzi huo utamzuia mtu asife.

Kuna jambo jingine ambalo lilinisikitisha nilipolifahamu. Ipo swichi ambayo mafundi huiita RCD. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ukipungua kwa miliampea 30, yaani sehemu 30 za elfu moja ya ampea, RCD inajua kwamba kuna umeme unaovujia mahali pengine, labda kwenye mwili wa mtu, na inakata haraka kuliko kufumba na kufumbua jicho. Balbu yangu ilikuwa ikivujisha miliampea 260 kwenda ethi, karibu mara 9 ya kiasi hicho. Kama nyumba ile ingekuwa na RCD nzima, balbu isingewaka hata kidogo, umeme wote ungekatika. Kuwaka kwake, ambako mimi na mama tulikufurahia, kulikuwa ni ushahidi kwamba nyumba haina kinga hiyo. Tulikuwa tunafurahia dalili ya ugonjwa.

Sababu za ethi mbaya tunazijua sote. Kuna rodi zinazouzwa ambazo ni chuma chembamba kilichopakwa rangi ya shaba. Kuna mafundi wanaokata rodi moja vipande viwili wapate za nyumba mbili. Kuna wanaogonga rodi ikakutana na mwamba nusu ya safari, wakaikata juu na kufukia. Kuna wanaomwaga chumvi na mkaa shimoni. Chumvi husaidia kwa muda, lakini mvua huichukua na ile inayobaki huila rodi yenyewe. Na huku kwetu Dodoma kuna kiangazi. Mvua zetu huanza kwenye mwezi Desemba na kwisha kwenye Aprili, na baada ya hapo udongo hukauka mpaka ukapasuka. Rodi iliyo nzuri mwezi Machi inaweza kuwa haina maana mwezi Oktoba. Mimi nilijaribu ethi yangu Machi. Binti alikufa Oktoba.

Lakini nataka niseme jambo ambalo mafundi wengi hawapendi kulisikia. Hata rodi halisi, ndefu, iliyochimbiwa kwa uaminifu, peke yake haitoshi. Wenzetu wa Uingereza, ambao vitabu vyao vya ufundi wengi wetu tulivisoma, katika nyumba nyingi huletewa ethi na shirika la umeme kwa waya, hivyo safari nzima ya kurudi ni ya madini matupu, na kwa kawaida ugumu wa sehemu ya nje haupiti omu 0.8. Breka kwao inaweza kufanya kazi. Nyumba nyingi nilizozifanyia kazi mimi zililetewa nyaya mbili tu kutoka nguzoni, na ethi ni ile ya rodi ya mwenye nyumba. Sehemu ya safari ni udongo. Ukipata omu 20 kwa rodi moja umefanya kazi nzuri sana, lakini 230 ukigawanya kwa 20 ni ampea 11.5 tu, na breka ya 20 itaendelea kulala.

Hapo ndipo RCD inapokuwa jambo la lazima na si la anasa. RCD ya miliampea 30 haihitaji ampea 200. Kwa hesabu, volti zinazobaki kwenye bodi la friji zisizidi 50, ethi inaweza kufika omu 1,667 na RCD bado ikakata. Ila ethi mbaya kiasi hicho haitulii, inabadilika kwa majira, kwa hiyo mafundi wanashauriwa isizidi omu 200. Ethi ya omu 100 pamoja na RCD nzima ni nyumba salama. Ethi ya omu 20 bila RCD ni nyumba ya hatari. Nani angelijua hilo kwa kutazama balbu? Hakuna. Ni lazima kupima na kuandika namba.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Huvuta umeme kutoka kwenye moto kwenda ethi kwa kitambo kidogo sana, kikaangalia volti zimeshuka kiasi gani. Kikivuta ampea 20 na volti zikashuka kwa 10, basi mzunguko ni nusu omu. Vile vya siku hizi vinaweza kupima kwa umeme mdogo bila kuikatisha RCD. Kazi ya soketi moja haimalizi dakika mbili.

Najua hoja zitakazoletwa. Ya kwanza ni ile ya wazee wenzangu kwamba tumefanya kazi kwa balbu miaka yote na nyumba zinakalika. Nami nilikuwa nikisema hivyo mpaka Oktoba 2019. Nyumba yenye ethi mbaya inakalika vizuri kabisa mpaka siku kifaa kimoja kinapoharibika. Ethi ni kama mlango wa dharura. Huwezi kusema ni mzima kwa sababu hakuna aliyewahi kuukimbilia.

Ya pili ni kwamba RCD inasumbua, inakata kata ovyo, hivyo wateja wanawaambia mafundi waiondoe au wairuke. Nimeombwa kufanya hivyo mara nyingi. Lakini RCD inayokata ina habari ya kukupa. Kuna hita imeingia maji, kuna waya umetafunwa na panya, kuna pasi imechakaa. Kuiondoa kwa sababu inakata ni sawa na kumfukuza mbwa kwa sababu amebweka usiku.

Ya tatu ni ya wale walio na RCD na ambao huibonyeza kile kitufe chake cha majaribio, ikakata, wakaona yamekwisha. Kubonyeza ni vizuri, na ningependa kila nyumba ifanye hivyo angalau kila baada ya miezi 6. Lakini kitufe kile kinajaribu swichi yenyewe tu. Hakiijaribu ethi. Hata rodi ikiwa imeng'olewa na kuuzwa chuma chakavu, kitufe kitafanya kazi vile vile.

Ya nne ni gharama. Ni kweli kifaa hiki fundi wa mtaani hawezi kukinunua kwa kazi ya nyumba moja au mbili. Hilo silikatai. Ila sikubali kwamba ndio mwisho wa mazungumzo. Mashine ya kusaga hainunuliwi na kila mama anayesaga unga, inakuwepo moja na watu wanaitumia kwa zamu. Vyuo vya VETA vinafundisha mafundi umeme. Kwa nini mafundi wa kata kadhaa wasiweze kuazima au kukodi kipimo huko, au kujiunga katika kikundi wakanunua kimoja? Na kwa nini mteja asilipe kiasi kidogo cha kupimiwa, wakati analipa rangi, anapaka mpaka ukuta wa uani?

Kwa maoni yangu, wakati umefika kwa wanaohusika kuyatazama mambo yafuatayo.

Kwanza, nyumba yoyote mpya isiwashwe umeme mpaka ziandikwe namba tatu: ugumu wa mzunguko wa ethi, ugumu wa rodi, na muda ambao RCD inachukua kukata. Ziandikwe na fundi aliyepima, na nakala abaki nayo mwenye nyumba. Fomu nilizowahi kuzijaza mimi zilitaka mchoro na mhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Mhuri ni jambo jema, lakini mhuri unaweza kugongwa mezani na mtu ambaye hajaiona nyumba. Namba 340 haiwezi kufichwa na mhuri.

Pili, RCD ya miliampea 30 iwe ya lazima kwa kila nyumba inayotegemea rodi yake yenyewe, hata kama ni chumba kimoja chenye taa na soketi moja. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, uanze kazi mwaka 2007, umeme umefika kwa watu wengi ambao wazazi wao hawakuwahi kuuona. Hiyo ni heri kubwa na nchi inastahili kujivunia. Lakini mtu anayeishi kwenye sakafu ya udongo na anayetembea pekupeku anahitaji kinga zaidi kuliko mtu wa ghorofani, wala si pungufu.

Tatu, nyumba za zamani na hasa za kupangisha zipimwe upya kila baada ya muda. Hili si jambo geni. Afrika ya Kusini, kwa kanuni zao za mwaka 2009, nyumba haiuzwi bila cheti cha usalama wa umeme ambacho hakijazidi miaka 2, na mzunguko wa ethi ni miongoni mwa mambo yanayopimwa. England, tangu mwaka 2020, mwenye nyumba ya kupangisha anatakiwa akaguliwe mfumo wa umeme angalau kila baada ya miaka 5. Sisemi tunakili kila kitu cha watu. Nasema kwamba mpangaji wa Chang'ombe au Kikuyu naye ana mwili kama wa mpangaji wa huko.

Nne, vyuo vitilie mkazo kipimo hiki, na mwanafunzi asipewe cheti mpaka apime nyumba halisi, aisome namba na aeleze maana yake. Yule kijana aliyenionyesha kioo ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, lakini siku ile alikuwa mwalimu wangu.

Nawaomba pia wananchi wenyewe. Usifungue bodi la umeme kujipimia, hiyo ni kazi ya fundi. Lakini friji, hita ya kuogea, pampu au bomba likikupiga hata kidogo, usitandike zulia wala usivae kandambili. Usiliguse tena. Zima meni swichi, kisha mwite fundi. Mtetemo ule mdogo ni taarifa kwamba njia ya umeme kurudi imeziba na kwamba njia inayofuata ni wewe. Na uniti za LUKU zikianza kukimbia bila sababu, usinung'unike tu, uliza.

Na fundi akikuambia kwamba ethi ipo, mshukuru, kisha muulize, "Ni omu ngapi?" Akishindwa kujibu, kazi haijaisha, na usimlipe fedha ya mwisho mpaka aje mtu wa kupima. Ningeulizwa swali hilo mwaka 2016 ningeaibika mbele ya mama yule, ningekasirika, na pengine ningekwenda kutafuta kipimo.

Nyumba ile niliirudia. Nilichimbia rodi mbili mpya kwa fedha yangu, nikafunga RCD, kijana akapima. Ilisoma omu 46. Namba hiyo tuliiandika kwa kalamu ndani ya mfuniko wa bodi la breka pamoja na tarehe, na kila mwaka mwezi Oktoba, udongo ukiwa mkavu, inapimwa tena na kuandikwa chini ya ile ya kwanza. Mama alinisamehe kwa maneno yake mwenyewe. Friji aliiuza chuma chakavu.

Wazee walisema msibani kwamba ajali haina kinga. Kwa heshima zote napenda kusema kwamba ile ilikuwa nayo. Mimi ndiye niliyekuwa sikuipima.



Fundi Umeme Mstaafu,
Dodoma.